Muhuri wa Mwenyekiti Si Kibali

Mwalimu mmoja wa shule ya msingi alistaafu akiwa na miaka 60, akapokea mafao yake, na kabla mwezi haujaisha dalali alikuwa ameshamwonyesha viwanja vinne. Walizunguka kwa bodaboda pembezoni mwa Dar es Salaam, huko ambako lami imekoma na nyumba bado hazijabanana. Kiwanja cha nne kilimkaa moyoni. Kilikuwa cha kona, kimetazama njia ya gari, kina mwembe mmoja, na nguzo ya umeme iko hatua chache kutoka mpakani. Bei yake ilikuwa chini kuliko ya vile vitatu vya mwanzo. Alipouliza sababu, dalali alimjibu kwamba mwenye mali ana mgonjwa hospitali na anahitaji fedha za haraka.

Kisa hiki nimekitunga, lakini hakuna jambo ndani yake ambalo halitokei. Ukikaa asubuhi moja kwenye benchi la ofisi ya ardhi utakisikia kikisimuliwa vipande vipande na watu walioshika bahasha za kaki mapajani. Mwalimu sikumpa jina kwa kuwa walio kama yeye ni wengi mno.

Siku ya mauziano walikutana ofisini kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Muuzaji alikuja na hati. Ilikuwa hati halisi, yenye nembo ya Taifa, namba ya kiwanja, kitalu na jina lake kamili. Mwalimu aliishika kwa mikono miwili, akasoma ukurasa wa kwanza, roho ikatulia. Hata hivyo, alichokuwa ananunua si kiwanja kizima kilichoandikwa mle, bali nusu yake. Muuzaji alieleza kwamba nusu ya pili anawaachia watoto, na kwamba hati itabaki kwake mpaka watakapokwenda pamoja kuigawa.

"Hilo ni la baadaye, Mwalimu," alisema. "Wewe anza ujenzi, mimi sikimbii."

Mkataba uliandikwa kwa mkono, mashahidi wanne wakatia saini, fedha zikahesabiwa juu ya meza, mwenyekiti akagonga muhuri. Mwalimu alitoka pale akiamini kwamba kwa upande wa Serikali ameshamaliza kila kitu.

Hapo ndipo wengi tunapopotea. Mwenyekiti wa mtaa ni mtu wa maana. Anawafahamu wakazi wake, anajua mwenye mali ni nani na tapeli ni nani, na siku ya ugomvi ushahidi wake unaweza kumwokoa mtu. Lakini muhuri wake unathibitisha jambo moja tu, kwamba watu wawili walikuja mbele yake wakauziana. Hauthibitishi kwamba kilichouzwa kinauzika, wala haumruhusu yeyote kuchimba msingi. Mamlaka ya kuruhusu ujenzi yako kwa halmashauri ya jiji, manispaa, mji au wilaya. Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 inamtaka kila anayekusudia kuendeleza ardhi ndani ya eneo la mipango apate kibali kwanza. Haiwahusu wenye maghorofa peke yao, wala wenye viwanda na vituo vya mafuta peke yao. Nyumba ya vyumba vitatu na sebule imo ndani yake sawasawa na hoteli.

Mke wa Mwalimu alikuwa amefanya kazi zahanati miaka mingi, na alikuwa amewahi kuwaona maafisa afya wakikagua michoro ya majengo. Siku fundi alipokuja kupiga kamba kiwanjani, aliuliza.

"Baba, hatupiti kwanza manispaa?"

"Tukianzia manispaa, mama, tutahamia tukiwa tunatembelea fimbo."

Fundi aliingilia kwa upole, kama mtu anayewatoa wazazi wake hofu. "Mama, kibali ni cha maghorofa. Hii nyumba ya chini nani atakuuliza? Tazameni hizo zote hapo. Hakuna hata moja iliyoombewa kibali, na watu wanaishi."

Kuhusu majirani fundi alisema kweli. Sehemu kubwa ya Dar es Salaam imejengwa hivyo. Jiji lilipata mpango kabambe mwaka 1949, likapata mwingine mwaka 1968, na wa tatu mwaka 1979, kisha likaendelea kukua kwa miongo mingi huku watu wakijenga kuliko mpango wowote ulivyowahi kuwaza. Zaidi ya nusu ya wakazi wake wako kwenye makazi yasiyopangwa. Kwa hiyo mtu akitazama kushoto na kulia anaona kawaida, na kawaida inamfanya aamini kwamba ni halali. Wazee walisema bahati ya mwenzio usiilalie mlango wazi. Jirani aliyejenga bila kibali huenda kiwanja chake hakijaguswa na barabara, mkondo wa maji wala eneo la shule. Chako hujui, na hutajua kwa kutazama paa la mwenzako.

Ningependa nikae kidogo hapa, maana neno kibali limeharibiwa sifa. Watu wengi wanalielewa kama ruhusa ya mkubwa: karatasi ambayo ofisa anakupa akipenda na kukunyima akipenda. Wakishaliona hivyo, kulikwepa kunaonekana ujanja. Lakini fuata safari ya maombi yenyewe uone kinachofanyika. Mwombaji anapeleka michoro ya jengo, ya usanifu na ya uhandisi, pamoja na uthibitisho wa umiliki wa ardhi na risiti ya kodi ya pango la ardhi. Michoro hiyo inapita meza kwa meza. Kwa ofisa ardhi linaulizwa swali la kwanza: ardhi hii ni ya nani? Kwa ofisa mipango miji: kiwanja hiki kimepangiwa matumizi gani, mipaka yake iko wapi, na nyumba imeachiwa nafasi kiasi gani kutoka kwa jirani na kutoka barabarani? Mhandisi anatazama msingi, nguzo, nondo na uzito. Ofisa afya anatazama madirisha, choo, karo na njia ya maji machafu. Jengo kubwa hutazamwa pia na watu wa zimamoto. Kila meza ina swali lake, na maswali yote yanaulizwa wakati nyumba bado iko kwenye karatasi, ambapo kusogeza ukuta mita mbili ni kazi ya kalamu na kifutio.

Mwalimu angepita meza ya kwanza tu, kila kitu kingesimama. Hati si yake. Kiwanja ni kimoja kwenye ramani ya upimaji, na hakuna nusu inayotambulika mpaka mgawanyo uombwe, uidhinishwe na upimwe. Ofisa ardhi angemwambia hivyo bila ada yoyote kubwa, naye angerudi kwa muuzaji siku hiyohiyo, fedha za ujenzi zikiwa bado benki.

Na meza ya pili ingemwambia jambo baya zaidi. Kiwanja kilikuwa cha kona, na muuzaji kwa miaka mingi alikuwa amelima mihogo hadi ukingoni mwa njia. Mawe ya mipaka, yale ambayo wapimaji huyaita bikoni, yalikuwa yamefukiwa na udongo wa matuta. Siku ya kuuza alipima kwa hatua kuanzia shina la mwisho la muhogo. Huenda hakukusudia kuiba. Mtu akilima mahali miaka kumi husahau kwamba si pake. Lakini ukanda ule wa mihogo ulikuwa hifadhi ya barabara, na fundi alipopiga kamba zake, sebule yote iliangukia humo.

Ujenzi ulikwenda kwa kasi. Mitaro ilichimbwa Jumatatu, zege la msingi likamwagwa wiki ileile, jamvi likafuata. Kijana mmoja kutoka ofisi ya kata alipita wakati kozi za tofali ziko magotini, akauliza kibali, fundi akamvuta pembeni, akaondoka. Alirudi nyumba ilipofika kwenye lenta. Safari hii alikuja na kopo la rangi nyekundu, akaandika ukutani kwa herufi kubwa: SIMAMISHA UJENZI. Mwalimu aliitwa kwa simu, akaja mbio. Fundi alimnong'oneza kwamba kinachotakiwa ni hela ya soda. Akaitoa. Mafundi wakapaua, wakapiga lipu, na maandishi yale yakafunikwa.

Sitaki kumlaumu Mwalimu peke yake kwa siku hiyo. Alikosea, na kosa la kutoa rushwa halina jina jingine. Lakini kosa kubwa zaidi namhesabia yule aliyepewa mshahara wa umma ili aseme ukweli siku ya mitaro, akasubiri hadi lenta, kisha akauza ukimya wake. Angesimama imara siku ya kwanza, hasara ingekuwa ya vibarua wa siku mbili na tripu moja ya mchanga.

Kulikuwa na hasara nyingine ambayo haikumpata Mwalimu, na kwa hiyo hakuiona upesi. Karo lake lilichimbwa nyuma ya nyumba, mahali fundi alipoona udongo ni laini. Upande wa pili wa ua aliishi bibi mmoja mwenye kisima kifupi kilichokuwa kikinywesha nyumba sita. Mteremko wa ardhi ulitoka kwa Mwalimu kwenda kwa bibi. Msimu wa masika wa kwanza maji ya kisima yakabadilika harufu, na watoto wawili wa mtaani wakalazwa kwa kuhara. Bibi alikuja kubisha hodi, akaamkiana vizuri na wenyeji, akasema lake taratibu. Mke wa Mwalimu alielewa kabla hajamaliza sentensi. Kazini kwake zahanati alikuwa ameona watoto wa namna hiyo. Meza ya ofisa afya, ile ambayo hawakuipitia, kazi yake ni hiyo hasa: kumlinda jirani ambaye hakuwapo mliponunuliana, hakusaini mkataba, na hana habari na michoro yenu.

Walikaa ndani ya nyumba ile miaka minne. Walivuta umeme na maji. Kila mwezi, waliponunua umeme, kodi ya jengo ilikatwa humohumo kwenye LUKU, kama ilivyo kwa wenye nyumba wengi wa nchi hii tangu mwaka 2021. Mwalimu aliichukua kodi hiyo kama ushahidi kwamba Serikali inaitambua nyumba yake. Alikuwa anasema barazani: "Wangekuwa hawanitambui, wangenitoza kodi?"

Hoja hiyo ina nguvu sikioni na haina nguvu mahakamani. Kodi ya majengo inalipwa kwa kuwa jengo lipo. Umeme unaletwa kwa kuwa mtu ameomba na nguzo iko karibu. Hakuna kati ya hivyo viwili kinachosema jengo lilipaswa kuwa pale lilipo. Wakazi wa kando ya Barabara ya Morogoro walilijua hilo kwa uchungu mwaka 2017, nyumba zaidi ya 1,000 zilipobomolewa kuanzia Kimara kuelekea Kiluvya ili kupisha upanuzi wa barabara. Hifadhi ya barabara katika kipande kile ilihesabiwa kuwa mita 121.5 kila upande, kipimo chenye mizizi katika sheria za barabara za wakati wa ukoloni. Miongoni mwa waliovunjiwa walikuwamo watu wenye mita za umeme, mabomba ya maji, risiti za kodi, na watoto waliozaliwa na kuolewa wakitokea kwenye nyumba zilezile. Mtu anaweza kuuliza kama ilikuwa haki kwa Serikali kuwatazama watu wakijenga miaka yote hiyo na kuwaunganishia huduma. Mimi naona haikuwa haki. Lakini nyumba zilikwisha kuvunjwa.

Yafaa msomaji azijue pia rangi za alama zinazochorwa kwenye nyumba za kando ya barabara. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 ilipanua hifadhi ya barabara kuu na za mikoa kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande, kuanzia katikati ya barabara. Waliokuwa nje ya mpaka wa zamani na kuingizwa ndani na mpaka mpya waliwekewa alama ya X ya kijani: hao sheria ndiyo iliyowafuata, na wana haki ya fidia ardhi yao itakapohitajika. Waliojenga ndani ya hifadhi wenyewe waliwekewa X nyekundu, na hao hawalipwi. Mtu anayenunua nyumba au kiwanja kando ya barabara kubwa aulize kipimo kabla ya kuuliza bei. Na anayenunua bondeni au ufukweni akumbuke Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004, inayozuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa au bahari. Mvua za Desemba 2011 ziliua watu wapatao 40 jijini Dar es Salaam, wengi wakiwa wakazi wa mabondeni, na baadhi ya familia za Bonde la Msimbazi zikahamishiwa Mabwepande. Miaka minne baadaye, mwishoni mwa 2015, matingatinga yalirudi bondeni kubomoa nyumba za waliobaki na za waliorudi.

Wapimaji walipofika mtaani kwa Mwalimu, walikuja kwa ajili ya jambo jema. Barabara ya mtaa ilikuwa imepata fedha za lami na mitaro. Walitembea na vyombo vyao vya setilaiti, wakasimama mbele ya nyumba, wakatazamana. Kisha mmoja akaomba jembe. Walichimba pembeni ya kibaraza, kina cha goti, na wakakuta bikoni: jiwe la zege lenye namba, limekaa palepale lilipozikwa siku ya upimaji. Sebule, kibaraza na nusu ya chumba cha wageni vilikuwa upande wa barabara.

Mwalimu alileta mkataba. Wapimaji waliusoma kwa heshima na kumrudishia. Alikwenda kwa mwenyekiti, akamkuta mwenyekiti mwingine, aliyechaguliwa baada ya yule aliyegonga muhuri. Alikwenda kwa muuzaji, akakuta msiba uliokwisha kupita: mzee alikuwa amefariki mwaka mmoja nyuma, na hati iko kwa warithi. Warithi hawakumfukuza. Walimkaribisha, wakampa kiti na chai, kisha wakamwambia kwamba wao hawajui mauziano yoyote ya nusu kiwanja, na kama anataka waende naye kugawa hati, awalipe na wao. Fundi alikuwa ameshahamia Dodoma. Dalali hakupatikana kwenye simu.

Alikwenda kwa wakili, na wakili akamweleza mambo mawili bila kuzunguka. Sehemu iliyo ndani ya hifadhi haina fidia, kwa sababu muuzaji hakuwa na haki juu yake na asiyekuwa na kitu hawezi kukiuza. Sehemu iliyobaki anaweza kuidai kwa warithi kwa njia ya mahakama, kwa kuwa fedha alilipa na mashahidi wapo, lakini kesi za ardhi ni ndefu. Barabara haikumsubiri. Sebule ilivunjwa, na nyumba iliyobaki ikawa na vyumba viwili na nusu vilivyofungwa kwa mabati upande wa mbele. Kuijenga upya kwa ndani kulihitaji kibali, na kibali kilihitaji hati aliyokuwa hana. Akarudi kwenye meza ileile ya kwanza aliyoiruka, safari hii mafao yakiwa yamekwisha na kesi ikiwa mahakamani.

Kwa nyumba ya chini hasara huwa ya mali. Kwa jengo refu huwa ya roho za watu. Tarehe 29 Machi 2013, siku ya Ijumaa Kuu, jengo la ghorofa 16 lililokuwa linajengwa Mtaa wa Indira Gandhi katikati ya Dar es Salaam liliporomoka na kuua watu zaidi ya 30. Tarehe 29 Aprili 2016, mtaa wa Huruma jijini Nairobi, jengo la makazi lilianguka usiku wa mvua kubwa na kuua watu wapatao 50; lilikuwa limejengwa karibu na mto na lilikwisha kuamriwa libomolewe. Novemba 2024 jengo la biashara liliporomoka Kariakoo, zaidi ya watu 25 wakafa, na waokoaji wakakaa siku kadhaa wakisikiliza sauti chini ya kifusi. Sisemi kila jengo linaloanguka lilikosa karatasi. Nasema mhandisi anayekagua michoro, na mkaguzi anayefika siku ya kumwaga zege, wapo kwa ajili ya siku kama hizo, na mtu anayewakwepa anawakwepea pia wapangaji wake.

Najua pingamizi lililo midomoni mwa wasomaji wengi, na ni pingamizi la haki: ofisi zetu ni nzito. Faili linalala. Unaambiwa rudi kesho, ofisa yuko semina, mtandao uko chini. Mchora ramani anataka chake, mhandisi anataka chake, na mtu wa mapokezi anakutazama kana kwamba umekuja kuomba msaada. Mstaafu anayelipa kodi ya chumba kila mwezi anaona saruji inapanda bei huku jalada lake halisogei. Hilo ni kweli, na halmashauri isiyojibu maombi kwa wakati inawasukuma watu wema kwenye ujenzi wa kuiba. Hata hivyo ukipima uzito wa mambo, miezi ya kusubiri ina mwisho. Miaka ya kesi ya ardhi sijui nani ameiona ikiisha haraka.

Basi kama una fedha na unatafuta pa kujenga, anza na namba. Muulize muuzaji namba ya kiwanja na kitalu, kisha peleka namba hiyo ofisi ya ardhi ufanye upekuzi rasmi kwa msajili wa hati. Utaona jina la mmiliki, na utaona kama hati imewekwa rehani benki. Omba uonyeshwe mchoro wa mipango miji wa eneo lile. Usione aibu kuuliza kama palipo na mwembe pamechorwa makazi, shule au eneo la wazi. Mlipe mpima ardhi aliyesajiliwa afukue bikoni zote mbele yako na mbele ya majirani. Ukiuziwa kipande cha kiwanja, fedha ya mwisho isitoke mfukoni mwako mpaka mgawanyo uidhinishwe na hati ya kipande chako itoke. Kama muuzaji ana mke au mume, naye asaini. Michoro ifanywe na watu waliosajiliwa na bodi zao, si na fundi kwa kijiti mchangani. Ada za kibali zilipwe kwa namba ya malipo ya Serikali, na risiti uitunze pamoja na hati.

Ukiwa umenunua kwenye makazi yasiyopimwa, usikate tamaa, na usijifiche. Maelfu ya watu wako huko kwa sababu viwanja vilivyopimwa havijawahi kutosha. Hata ule mradi wa viwanja 20,000 wa Dar es Salaam ulioanza mwaka 2002 ulimezwa na mahitaji upesi. Urasimishaji wa makazi upo kwa ajili yenu. Kaeni vikao na majirani, kubalianeni njia za kupita gari la wagonjwa na gari la zimamoto mkiwa bado na nafasi ya kuzitoa, na mtafute wapimaji kwa pamoja. Kila mmoja akisubiri mwenzake atoe hatua mbili za ardhi, njia haipatikani kamwe, na siku nyumba moja inaposhika moto zote zinaungua.

Na ninyi maofisa wa kata na wa manispaa, mnaopita mitaani na kuona lori la kwanza la mchanga likimwaga mzigo: msisubiri lenta. Fikeni siku ya mitaro. Mwambieni mstaafu yule asimame, mwonyesheni ni meza ipi aende kesho yake asubuhi, na akifika ofisini lipokeeni jalada lake.